Kijiko cha Orvokki

Daktari wa Kajaani alimfunga taya kwa nyaya.
Wiki sita, akasema, na kila kitu kipitie kwenye mrija.
Aliteleza kwenye ngazi za sauna,
juu ya barafu niliyoahidi kuimwagia mchanga
tangu Jumanne.

Basi mimi, Taisto, dereva mstaafu wa lori la magogo,
nisiyejua jikoni ila njia ya kutokea,
nikavaa aproni ya maua.
Yeye akaketi dirishani na kijiko cha mbao:
pigo moja mezani, ndiyo;
mawili, hapana;
matatu, toka hapo nifanye mwenyewe.

Siku ya kwanza nilimwaga chia kavu, kiganja kizima,
ndani ya maziwa ya mgando na beri za msituni.
Blenda ikanguruma, nikajiona fundi.
Akavuta. Akavuta tena. Mashavu yakabonyea.
Chembe zilikuwa zimevimba mle mrijani
kama vyura waliosikia mvua,
hazipandi, hazishuki.
Mapigo mawili. Kisha matatu.

Nikaanza upya.
Chia hulala majini usiku kucha,
kijiko kimoja kwa vijiko tisa vya maji,
na baada ya dakika kumi uirudie, uikoroge,
la sivyo itashikana donge
ikutazame kwa macho elfu.
Mbegu za maboga ziloweke na chumvi kidogo;
asubuhi yale maji ya kijani uyamwage, usiyaonee huruma.
Ufuta uoshe mara tatu.
Changarawe yake ni ndogo kuliko udhuru wangu.
Ukaange bila mafuta, moto wa chini,
mpaka jikoni kunukie
kama utosi wa mtoto aliyetoka juani.

Na kitani! Kitani kina kiburi.
Ukimeza mbegu yake nzima
inapita mwilini kama mtalii:
imeona kila kitu, haikununua chochote.
Sharti isagwe.
Niliisaga kwenye kinu cha kahawa,
na kahawa yetu ikanuka wiki nzima
mlango uliopakwa rangi jana.

Nikazidisha ujanja. Nikasaga ya mwezi mzima,
nikajaza chupa, nikaipanga juu ya jokofu
pale penye joto, anapolala paka.
Kila asubuhi vijiko viwili.
Kila asubuhi Orvokki anavuta, anafumba macho,
pigo moja.

Usiku mmoja, nje baridi nyuzi ishirini na tisa chini ya sifuri,
mbao za nyumba zikilia kwa kukaza,
nilikuwa nachuja maji ya maboga nikamuuliza bila kugeuka:
"Ule mchanga. Una hasira nami?"
Nikasubiri.
Bomba likadondosha tone, likadondosha jingine.
Nilipogeuka, kijiko kilikuwa hewani,
na alikuwa akikitazama yeye mwenyewe
kana kwamba ni cha mtu mwingine.
Akakilaza mezani taratibu, kisitoe sauti.

Machi wakamfungua.
Nilimleta nyumbani, nikamvua buti,
nikangoja neno la kwanza kama mtu wa bahati nasibu.
Akasugua taya. Sauti ikatoka na kutu:
"Kitani kimechacha."
"Tangu lini?"
"Wiki ya pili."
"Na ukanywa?"
Akatafuta kijiko kwa mkono, akagonga. Moja.
"Kwa nini hukupiga mawili?"
Alichungulia dirishani, kwenye ngazi za sauna,
ambako mchanga nilioumwaga tangu siku ile
umekuwa mwingi hata theluji haijui ikae wapi.
"Ulikuwa unaimba," akasema, "ukisaga."
Mimi siimbi. Muulize yeyote Sotkamo.

Siku hizi anatafuna mkate wa rai, ganda na yote,
kwa kishindo, kama anayelipiza.
Lakini bilauri bado anaitaka,
na mimi nasaga ya leo tu:
kijiko kimoja cha kufurika, sekunde kumi na mbili,
chupa ndani ya jokofu, mbali na paka.
Na mchanga, ndoo mbili, kabla ya kahawa.